Mrejesho: mashindano ya kuchora ndege wa majini

Wakuu, niliwauliza nitawafundishaje wanafunzi wangu hapa Malindi kuhifadhi ndege wa majini. Mmoja wenu akanitajia Marekani, wenye stempu ya bata tangu 1934 (wawindaji huinunua, fedha zake huhifadhi makazi ya ndege, na picha yake huchaguliwa kwa mashindano), akasema nami niandae mashindano ya kuchora.

Nimefanya. Kwanza tulikwenda mdomo wa mto Sabaki, maji yamekupwa, tukatazame heroe (flamingo). Mtoto mmoja akachora goti limekunjikia nyuma. Wenzake wakamcheka, kumbe yeye ndiye aliyetazama vizuri! (Lile si goti, ni kifundo cha mguu.) Rangi ya waridi iliisha siku hiyo hiyo.

Mshindi lakini alichora shakwe, uzi wa wavu umemkaza mguuni. Baba yake mvuvi. Aliiangalia picha kimya, kisha akaniuliza kama anaweza kuichukua.