Ruta imeandikwa 1200, mafaili yanatembea kwa 11: tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira ya wiki tatu na nimekuja kuimwaga hapa, maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kuhamisha gigabaiti 180 za picha na video kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Zote ziko nyumba moja, ruta moja, ukuta mmoja katikati. Nikafungua foleda ya kushirikiana, nikanakili, nikabandika. Windows ikaniambia megabaiti 4 kwa sekunde, yamebaki masaa 12. Nikajipa moyo kwamba itachangamka mbele ya safari. Wapi!

Nikapigia kampuni inayonipa intaneti, ambayo ndiyo iliyonipa na hiyo ruta. Kijana wa huduma kwa wateja akanisikiliza kwa upole kabisa, kisha akaniambia kifurushi changu ni kidogo, nipande daraja. Nikapanda. Nikawasha, nikazima, nikanakili upya. Megabaiti 4 zilezile.

Jamani! Faili linalotoka chumbani kwenda sebuleni halipiti intaneti. Linatoka kompyuta ya kwanza, linaingia kwenye ruta, linakwenda ya pili, basi. Chomoa waya wa intaneti, uiache ruta na umeme wake tu, mafaili yataendelea kutembea kama kawaida. Kifurushi hakihusiki hata chembe. Sasa mtu ambaye kazi yake ni kupokea simu za namna hii halijui hilo, au analijua na anauza tu? Sijaamua lipi linaniuma zaidi.

Ikabidi niingie darasani mwenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa langu, nakiri: kompyuta zote mbili nilikuwa nimeziunganisha kwa Wi-Fi, tena ile ya gigahezi 2.4. Hewa ile ni ya kupokezana, anayesema mmoja, wengine wananyamaza. Kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kwanza kupanda kwenye ruta, halafu kushuka kwenye kompyuta ya pili. Spidi inakatwa nusu kabla hata hujahesabu ukuta na Wi-Fi za majirani. Ukiweza kuchomeka waya kwenye kompyuta moja tu kati ya mbili, tayari umeipunguzia hewa nusu ya mzigo.

Nikachomeka zote mbili, kwa kebo zilizokuja ndani ya boksi la ruta. Ikapanda mpaka 11.3, ikaganda hapo. Grafu imenyooka kama rula, haipandi, haishuki. Wakuu, shikeni namba hiyo. Ukiona mafaili yako yamegota kwenye 11 na ushee bila kutikisika, usihangaike na antivirusi wala kusafisha kompyuta. Huo ni ukuta wa megabiti 100. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8 unapata megabaiti 12.5, ondoa kinachomegwa na mtandao wenyewe njiani, unabaki na hiyo 11 yako.

Na hapa ndipo damu ilipochemka. Boksi la ruta limeandikwa 1200 kwa tarakimu kubwa kama bango la kampeni. Nimeligeuza upande wa chini, maandishi ya kutafuta kwa miwani: poti zote nne, yale matundu ya kuchomekea kebo, ni 10/100, yaani mwisho wake megabiti 100. Mia moja! Hiyo 1200 wameipata kwa kujumlisha megabiti 300 za gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, inakuja 1167, halafu wakaipandisha iwe namba ya duara. Laptopu ya kawaida inashika hewa moja kwa wakati, hiyo jumla haiifaidi hata siku moja. Na hizo 867 zenyewe ni za kwenye karatasi, nusu yake ikifika shukuru. Ni sawa na kumuuzia mtu gari kwa kujumlisha spidi ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma.

Halafu wanahesabu kwa megabiti wakati kompyuta inakuonyesha megabaiti. Wanajua vizuri kabisa kwamba ni wachache watakaokumbuka kugawanya kwa 8.

Nikanunua swichi ndogo ya gigabiti, kile kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao, chenye poti za megabiti 1000, nikachomeka kompyuta zote mbili humo, na waya mmoja kutoka swichi kwenda ruta ili intaneti isikatike. Kwa mpangilio huo mafaili yanageuzia ndani ya swichi, hayana haja ya kupita kwenye ruta ile. Nikakaa kusubiri maajabu.

11.3.

Nilitamani kuitupa dirishani. Nikaja kuangalia ile plagi ya kebo, ile ya plastiki inayoonyesha ndani, nikahesabu nyaya: nne. Mahali pa nane, zimewekwa nne! Gigabiti inataka nyaya zote nane, zile jozi nne. Zikibaki nne, au mmoja wa zile nne za ziada ukikatika ndani, mara nyingi vifaa vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100 na hakuna anayekuambia kitu. Taa inawaka, intaneti inafunguka, kila kitu kinaonekana kizima. Na kebo hiyo ilitoka ndani ya boksi lao, wakuu. Wamebana hata nyaya nne za shaba.

Nikaweka kebo mbili za daraja la Cat5e zenye nyaya nane. Megabaiti 112. Kilichobaki kikaisha hata chai haijapoa.

Na msije kuniambia ninunue Cat8, nimeshaambiwa na watu watatu. Cat5e inabeba gigabiti mpaka mita 100, nyumba yangu siyo uwanja wa ndege.

Kuna foleda moja tu ilinisumbua, yenye maelfu ya vijipicha vidogo, ikashuka mpaka megabaiti 3. Hapo mtandao sikuulaumu. Kila faili lina kufunguliwa kwake, kuandikwa jina na kufungwa, na diski ya zamani inayozunguka inatweta. Niliyafunga yote kuwa faili moja la zip, likaenda. Anayeweza kuandika amri atumie robocopy, amri ya kunakili ya Windows, na aongeze /MT, inabeba mafaili mengi kwa pamoja. Na kabla ya kununua chochote pimeni kwa iperf3, programu ya kupima spidi, kati ya kompyuta mbili, maana inapima mtandao bila kugusa diski. Ikitoa megabiti 940 na mafaili bado yanajikokota, mchawi ni diski.

Ninachodai ni kimoja: namba ya poti iandikwe mbele ya boksi, kwa ukubwa uleule wa 1200. Hebu geuzeni ruta zenu, mkahesabu na nyaya za kebo mlizopewa, mniambie kama nimeonewa peke yangu.

Kile kifurushi kikubwa bado nakilipia.