Mrejesho: binti wa miaka 12 na fidla, Tabora

Wakuu, mwezi wa tano niliuliza kama binti yangu wa miaka 12 amechelewa kuanza fidla. Mlionijibu, asanteni sana. Hajachelewa!

Tulimpima mkono kama mlivyoelekeza: akaunyoosha, vidole vikazunguka kichwa cha fidla bila kujivuta, tukachukua saizi kamili, siyo robo tatu (fidla ndogo ya watoto). Dakika 15 kila siku zimemfaa kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Kujifunza kwa video peke yake kumetushinda. Upinde ulikuwa unateleza juu ya nyuzi kuelekea vidole vya mkono wa kushoto na mwenyewe haoni, mpaka mwalimu alipomshika kiwiko. Tafuteni mwalimu mapema.

Kiangazi hiki vigingi (vile vya kukazia nyuzi) vinalegea, sauti ya uzi wa A inashuka kila asubuhi. Kuvisukuma ndani huku tukikaza kumesaidia kiasi, bado havijatulia.