Naomba ushauri: IST, Passo au Fit kwa vilima vya Mwanza?

Habarini wakuu. Natafuta gari dogo la kwenda na kurudi kati ya Igoma na mjini, kupanda kilima cha Bugando kila siku, na mara mojamoja kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema.

Toyota Passo ya cc 996 (ukubwa wa injini) inakunywa mafuta kidogo, ila ina silinda tatu. Ikibeba watu wanne na AC imewashwa, mlimani inachoka. Honda Fit ya kwanza, ile ya cc 1339, ina nafasi kubwa nyuma, lakini hofu yangu ni gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia). Oili ikichakaa au ikiwekwa isiyo yake, gari linatetemeka unapoondoka. Tena ina plagi nane, si nne!

Moyo unaelekea Toyota IST. Hapa nimekwama: cc 1298 au 1496? Injini zote mbili zinatumia cheni, si mkanda wa taimingi.

Wanaozijua, nisaidieni hasa hili: kwenye barabara za mawe za mitaa ya juu, bushi na shokomzoba za ipi zinadumu? Na kabla ya kulipa, nikiliwasha likiwa la baridi, nisikilize nini?