Gari lililopaki Samora lina haki kuliko mtu anayepita na baiskeli? Trei 9 za mayai zimekwenda leo

Wakuu naandika nina hasira na goti limevimba kwa hiyo mtanisamehe mpangilio.

Mimi nasambaza mayai kwa baiskeli, nachukua mzigo Kariakoo alfajiri napeleka kwa mama lishe na migahawa ya Posta, mwaka wa sita huu. Leo saa mbili kasoro nipo barabara ya Samora hapa Dar, natoka Mnara wa Saa naenda Askari, nimefunga trei 12 kwenye keria, napita pembeni kabisa si ndo tunavyoambiwa kila siku we wa baiskeli kaa pembeni, na huko pembeni ndiko yamepangwa magari, sasa jamaa mmoja kakaa ndani anachezea simu, ghafla kafungua mlango bila hata kutupia jicho kioo. Sina pa kwenda, kulia kuna Noah inanipigia honi. Nikaenda chini. Trei 9 zote uji, mayai 270.

Jamaa kashuka, cha kwanza kaangalia mlango wake kama umechubuka. Akaja dada wa ushuru wa parking, nikajua huyu ndo shahidi wangu kaona kila kitu, nikamwambia dada yangu si umeona? Akanijibu taratibu wala hana ubaya: "Kaka, gari limelipia kukaa hapo, wewe umelipia nini?"

Hilo swali ndo limenileta humu. Yani chuma kimezimwa toka asubuhi hadi jioni kina sehemu yake, ina mstari na risiti, ila mtu anayetembea na mzigo wa watu hana hata futi moja iliyoandikwa yake. Na ukigusia tu kwamba Samora iwekwe njia ya baiskeli, ya kweli yenye kingo za zege, unajibiwa barabara nyembamba, mji wa kikoloni huu, nafasi hakuna. Nafasi hakuna?? Gari moja lililopaki linakula karibu mita mbili kwenda upande. Mita mbili hizo ndo njia nzima ya baiskeli! Ondoeni paki upande mmoja tu. Upande unaobaki msogeze magari yaje nje kidogo, baiskeli ipite kati ya magari na waenda kwa miguu, muache upenyo wa mlango kufunguka, hapo gari lenyewe linakuwa ukuta wangu badala ya kuwa mtego wangu. Mwenye duka bado ana wateja wa gari, na mimi nafika na mayai yakiwa mayai.

Najua kuna mtu anaandika saa hizi "mbona Morogoro Road mliwekewa". Ni kweli, mabasi ya mwendokasi awamu ya kwanza yalivyoanza 2016 yalikuja na njia za baiskeli pembeni, na 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri, mji wa kwanza Afrika kuipata, tulistahili wala sikejeli. Lakini ipite leo basi. Anza Manzese uje nayo. Kijiwe cha boda hapa, boda wengine wanaichana kukwepa foleni, mbele meza ya karanga, mbele tena mtu kamwaga viatu vya mtumba, gari la soda limepandisha tairi mbili juu linashusha kreti. Unashuka unakokota, unapanda, unashuka. Siwalaumu wanaouza, mimi mwenyewe nauza. Ukiacha sehemu wazi mjini hapa itajazwa tu, rangi na tofali za kupendeza hazijawahi kumzuia mtu. Weka vigingi vya zege vilivyokazana, baiskeli ipite, guta lipite, gari lishindwe. Boda atapita, huyo sikudanganyeni, huyo anahitaji afande.

Halafu lile jibu lingine linaniudhi kuliko yote, eti baiskeli mjini hakuna, nani apande na jua hili. Anayesema hivyo aamke saa kumi na moja alfajiri aende akasimame Feri aone matenga ya samaki yanavyotoka juu ya keria, aone wa mikate, wa kahawa, mafundi wanaotoka Tandale na Buguruni kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ndo hela ya unga. Tupo, ila mkiamka tumeshapita. Tungekuwa tunavaa kaptula za kubana na helmeti za laki tatu wikiendi kule Masaki tungeitwa wadau tukakalishwa semina na soda juu. Sisi tunaitwa "we baiskeli toka".

Jamaa mwenye mlango kanipa elfu 20 akasema tusipoteze muda. Nimeichukua, sitajifanya shujaa, tajiri wangu wa mayai anapiga simu toka saa nne na hajui bado. Rimu ya mbele imepinda haizunguki, nimeibeba begani kutoka Samora mpaka Mnazi Mmoja, na nilivyofika kwenye kivuko gari likanisimamia nipite, dereva kanipungia mkono kabisa. Toka nianze kazi hii ndo mara ya kwanza, na nilikuwa natembea kwa miguu.

Picha naweka nikitoka kwa fundi. Mods msihamishie jukwaa la utani tafadhali.