Tamponi ipi kwa siku ipi? Tulinganishe

Kidoti88: Habari zenu wapendwa. Miaka yote natumia pedi, ila sasa najifunza kuogelea na nataka kuhamia kwenye tamponi, zile pamba za kuvaa ndani ukeni. Kuna zinazosukumwa kwa kifaa cha plastiki, kuna za kidole, halafu kila pakiti ina alama za matone. Mimi ni mwembamba, nichukue ndogo? Na mzunguko wangu unayumba: juzi siku 33, safari hii 27. Nivae mapema damu isinikute majini?

NesiZamuUsiku: Mdogo wangu, wembamba hauhusiki kabisa. Matone ni kiasi cha damu inayofyonzwa. Kwa kipimo cha Marekani, ya kawaida hubeba gramu 6 hadi 9, inayofuata 9 hadi 12. Chagua ndogo kuliko zote inayomudu siku hiyo. Wengi hutoka sana siku mbili za mwanzo, kisha damu hupungua. Ukiendelea na ile ile kubwa hadi siku ya nne, utaivuta ikiwa kavu, na hapo ndipo watu husema tamponi zinauma. Ukiitoa baada ya kukaa nayo saa 4 na bado ni nyeupe sehemu kubwa, shuka ngazi. Ikivuja kabla ya hapo, panda.

Isikae zaidi ya saa 8, na usiivae kabla damu haijaanza. Kuna sumu ya bakteria, ni nadra lakini inaua. Mwaka 1980 kule Marekani wagonjwa waliongezeka mpaka tamponi za Rely, zilizokuwa zikifyonza kupita kiasi, zikaondolewa sokoni. Homa kali ya ghafla, kutapika, ngozi kuwa nyekundu, kizunguzungu: itoe, kimbia hospitali, na waambie ulikuwa umevaa.

ShogaMkweli: Kwa anayeanza, kifaa cha plastiki kinampa ujasiri, sikatai. Ila mimi ni mtu wa kidole, unajua kabisa imefika wapi. Nawa mikono, legeza mwili, isukume kuelekea mgongoni, usiielekeze juu moja kwa moja. Ukikaa ukaihisi, haijaingia vya kutosha.

MamaPacha: Jamani, kikombe cha hedhi, kile laini cha kuvaa ndani ukeni, mmekisahau? Hakifyonzi, kinakinga damu tu, vingi vinakaa muda wa hadi saa 12, na unaweza kukivaa hata kabla damu haijatoka. Unakichemsha kila hedhi ikiisha. Kasheshe ni kukimwaga kwenye choo kisicho na bomba ndani, hapo mwaya utajua hujui. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango aongee kwanza na aliyemwekea, kikombe kinaweza kukivuta.

Kimya_Kimya: Samahani, na bikira je?

NesiZamuUsiku: Anavaa. Kizinda hakijaziba njia, ndiyo maana damu hupita. Aanze na ndogo siku damu ni nyingi, huteleza vizuri.

Kidoti, nilikusahau upande wa mzunguko. Siku 27 na 33 bado ni sawa, kwa mtu mzima 21 hadi 35 ni kawaida. Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu. Kinachoyumba zaidi ni kipindi cha kabla yai halijatoka, maana likishatoka hedhi hufuata baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo kalenda peke yake itakudanganya. Angalia ute wa ukeni: ukiwa mwepesi, unavutika kama wa yai bichi, andika tarehe. Wiki mbili mbele kaa mkao wa kula.

Kidoti88: Asante dada, nimeelewa. Siku za wasiwasi nitajaribu kikombe, damu ikianza navaa tamponi. La mwisho: nikienda kukojoa naitoa?

ShogaMkweli: Hapana shoga, mkojo una njia yake. Sogeza kando uzi wa tamponi unaoning'inia, usilowe. Ila ukitoka majini badilisha, maana uzi umeshanyonya maji.