Ushauri: Vijana 24, ekari moja ya mteremko, tuanze kuwafundisha nini?

Mteremkoni: Wakuu, habari za jioni. Kijiji kimetupa ekari moja huku Matombo, Morogoro, tufanye shamba darasa la kilimo hai. Vijana 24, wengi wamemaliza kidato cha nne juzi tu. Zao ni mahindi, masika ijayo. Hela iliyopo ni ya mbegu na majembe, basi. Tuanze na nini? Na tufanyeje wasije wakachukua vyeti wakarudi kwenye bodaboda?

Jembe la Zamani: Mkuu, mteremko huo shughulikia maji kwanza, mbolea baadaye. Ukimwaga mboji kabla ya makinga maji (mitaro na matuta yanayokatiza mteremko), mvua ya Machi inaipeleka mtoni. Wafundishe kutengeneza fremu A, kifaa cha kupimia mstari wa usawa mteremkoni: miti miwili ya mita 2, wa kukatiza katikati, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Wengi hukosea hapa: wanapima bila kuirekebisha. Simamisha miguu ya fremu kwenye vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti wa kati. Geuza fremu, mguu wa kushoto ukae kwenye kigingi cha kulia, weka alama ya pili. Usawa ni katikati ya alama hizo mbili. Ukiruka hatua hiyo kinga linalala upande, maji yanakusanyika sehemu moja na kulipasua.

Kisha chimbeni kinga la aina iitwayo "fanya juu": mtaro upana sm 60, kina sm 60, udongo unatupwa upande wa juu, juu ya tuta panda majani ya tembo. Udongo mweusi wa juu uweke pembeni, urudishe shambani. Wazee wa Uluguru wakinuna mkitaja matuta msishangae. Miaka ya 1950 mkoloni aliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, udongo usio na rutuba ukaja juu, na mwaka 1955 watu wakachoka, kukawa na vurugu. Elezeni tofauti kabla ya kuchimba.

Mama Mboji: Mboji ianze Desemba mwanzoni ili Machi iwe tayari. Lundo la mita 1.5 kila upande: mabua makavu yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, nyunyiza maji kila tabaka, rudia. Chomeka mti mrefu katikati. Siku ya tano uchomoe: ukiwa wa moto, safi; ukiwa wa baridi na mkavu, ongeza maji; wa baridi lakini umelowa, samadi ni kidogo. Likinuka kama mkojo, majani mabichi yamezidi, changanya mabua. Geuza kila wiki tatu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo madarasa mengi hudanganyana. Nafasi ya sm 75 kwa 60 ni mashimo karibu 9,000 kwa ekari. Nusu kilo kila shimo ni tani 4 na nusu. Lundo moja likiiva hutoa takriban tani moja. Kwa hiyo ni malundo matano, si lile moja la kupigia picha na mgeni rasmi.

Mzungu wa Nne: Mbona mnafundisha kuchimba tu? Shamba darasa ni kulinganisha. Pima vipande vya mita 10 kwa 10: kimoja mkilime kama wanavyolima majirani, kingine mboji, kingine mboji na matandazo. Mbegu moja, siku moja. Vipange ubavu kwa ubavu, visifuatane kushuka, la sivyo cha chini kitashinda kwa rutuba iliyooshwa kutoka juu. Kila wiki asubuhi, makundi ya watu sita yakague mimea 10: urefu, majani yaliyoliwa, wadudu adui na wadudu rafiki. Wachore kwenye karatasi ya manila, wabishane, waamue wenyewe. Bwana shamba akitoa jibu kabla yao, limekuwa darasa la shuleni. Mkivuna, kilo za kipande zidisha kwa 40 mpate ekari.

Kigingi: Hilo la bodaboda halina jibu kwenye mboji. Kijana hana ardhi. Anakodi msimu mmoja, anarutubisha, mwenye shamba analichukua. Mkataba wa miaka mitano, uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi, kabla ya mafunzo kuisha. Wajisajili pia kama kikundi: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba, na 4 kati yake ni za vijana.

Mteremkoni: Asanteni sana. Samadi ya ng'ombe huku ni shida, ya kuku ipo. Naweza kuiweka moja kwa moja shimoni?

Mama Mboji: Ikiwa mbichi, hapana, inaunguza mche. Ipitishe kwenye lundo, kiasi kidogo kuliko cha ng'ombe kwa sababu ni kali. Na kagua maranda ya bandani, yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa.