Nukta za GPS kwenye sampuli za mimea: ziachwe wazi au zifichwe?

HOJA

Hebaria za Afrika Mashariki, yaani maghala ya mimea iliyokaushwa, zinapiga picha sampuli zao na kuziingiza kwenye kanzidata za pamoja, kama vile GBIF, kanzidata ya kimataifa ya viumbe hai yenye makao yake Copenhagen. Je, kila sampuli itoke na mahali kamili ilipochumwa, au mimea inayowindwa ifichiwe mahali pake? Na mwenye kuamua awe nani: kila hebaria kivyake, au zote kwa kauli moja?

MTUNZA SAMPULI, DAR ES SALAAM

Niko upande wa kuficha, kwa mimea michache tu, na kwa sharti ambalo halizungumzwi vya kutosha: tukificha, tufiche wote siku moja.

Mkusanyaji mimea hachumi tawi moja. Huchuma manne au matano kwenye mti uleule, huyapa nambari moja, kisha yanagawanywa: moja libaki Dar es Salaam, jingine liende Nairobi, jingine Kew Uingereza, jingine Missouri Marekani. Hizo ni sampuli pacha. Zina mkusanyaji mmoja, nambari moja, tarehe moja na mahali pamoja. Dar es Salaam ikificha nukta na Nairobi ikaziacha, hakuna kilichofichwa. Anayetafuta huandika jina la mkusanyaji na ile nambari, na dakika haijaisha keshajua mti ulipo.

Tundu la pili ni kubwa zaidi, na liko mbele ya macho yetu. Tunapunguza tarakimu za latitudo na longitudo kwenye safu ya kanzidata, halafu pembeni yake tunaweka picha ya sampuli nzima. Kona ya chini ya karatasi kuna lebo iliyopigwa kwa taipureta: jina la kilima, jina la mto, mwinuko, hata umbali kutoka njiani. Picha ni kali kiasi kwamba ukiivuta unasoma kila herufi. Kwa hiyo kwa mmea uliofichwa zinahitajika picha mbili. Ya kwanza ni kamili na inabaki nyumbani. Ya pili ni ya umma, na kwenye lebo imefunikwa mistari ya mahali peke yake. Jina la mmea, mkusanyaji, tarehe na vile vikaratasi vya waliothibitisha jina visiguswe, maana hivyo ndivyo mtafiti anavyovihitaji zaidi.

MHIFADHI, TANGA

Mwenzangu, hoja ya sampuli pacha naikubali. Ila napinga kuficha kwenyewe.

Chukueni msandali wetu, Osyris lanceolata. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, kwa nchi za Afrika Mashariki; kiambatisho hicho kinataka biashara idhibitiwe kwa vibali. Anayeung'oa na mizizi yake hafungui kanzidata. Anamuuliza mchungaji, anampa hela kidogo, anaoneshwa. Tukificha nukta zake tunamfichia nani? Tunamfichia mtu wa mipango wilayani anayepitisha barabara, na mshauri wa tathmini ya athari kwa mazingira ambaye ana wiki mbili za kuandika ripoti.

Hesabu pia inaharibika. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo ukibakiza tarakimu moja baada ya nukta ya desimali unampa msomaji mraba wa kilomita 11 hivi kila upande. Usambara Mashariki mraba huo unaweza kukutoa kwenye msitu wa ukungu wa Amani ukakushusha kwenye michungwa ya tambarare. IUCN, shirika la kimataifa linalopanga spishi kwa madaraja ya hatari ya kutoweka, hupima eneo la makazi ya spishi kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2. Ukiilisha programu nukta zilizofifishwa, itahesabu miraba ambayo mmea haujawahi kuota, na daraja la hatari litakalotoka halina maana.

Karomia gigas ilidhaniwa imetoweka mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoikuta tena mwaka 2011, kusini-mashariki mwa Tanzania. Miti iliyobaki ni michache mno. Mti wa namna hiyo hulindwa na watu wanaojua umesimama wapi.

FUNDI WA DATA, NAIROBI

Kabla hatujagombania kuficha, tuulize kama tunachokificha ni sahihi. Nukta nyingi za sampuli za zamani hazikupimwa porini. Zimewekwa baadaye na mtu wa ofisini akisoma lebo.

Tuanze na Amani. Iko karibu na latitudo -5.1, longitudo 38.6. Mwandishi akisahau alama ya kutoa, mmea wa Usambara unahamia kusini mwa Ethiopia. Akizibadilisha nafasi, latitudo ikawa 38.6 na longitudo -5.1, mmea unatua kusini mwa Hispania. Makosa haya yanakamatwa kwa urahisi: programu ilinganishe nukta na nchi iliyoandikwa kwenye lebo, na zisipoafikiana rekodi isitoke.

Yasiyokamatwa kirahisi ni ya aina nyingine. Lebo ya Kiingereza inasema mwinuko ni 3,000, na kipimo kimefifia. Hiyo ni futi, yaani mita 914, na ndio mwinuko wa Amani. Mwandishi asiyeyajua hayo anaandika mita 3,000, wakati hakuna kilele cha Usambara kinachofika huko. Lebo za wakati wa Wajerumani zinataja Wilhelmstal. Leo ni Lushoto. Nyingine zina neno moja tu, "Usambara". Hapo kuna wanaochoma nukta katikati ya milima na kuiacha iende ulimwenguni kana kwamba mtu alisimama pale na kifaa.

Darwin Core, kiwango cha kuandika data za viumbe tunachokitumia wote, ina safu ya coordinateUncertaintyInMeters, yaani nukta inaweza kukosea kwa mita ngapi. Naomba isiachwe tupu kamwe. Nukta ya GPS ya leo iandikiwe mita 10 au 30. Lebo inayotaja kijiji iandikiwe mita 2,000 au 5,000, kulingana na ukubwa wa kijiji. "Usambara" peke yake iandikiwe makumi ya kilomita, au isipewe nukta kabisa. Mkifanya hivyo mtaona kwamba sehemu kubwa ya sampuli za zamani hazina siri ya kufichwa. Mzozo unabaki kwa zile zilizopimwa kwa GPS.

Na jambo dogo linalotusumbua kila wiki: nambari ya mkusanyaji kama 12/5, ukiibandika kwenye jedwali la hesabu, inageuka tarehe 12 Mei. Safu iwekwe kuwa maandishi kabla ya kubandika. Baada ya hapo nambari imeshapotea, na sampuli pacha haitapatana tena na wenzake.

MTUNZA SAMPULI, DAR ES SALAAM

Ndugu wa Tanga, kwa msandali umenishinda, na mimi nisingeuweka kwenye orodha. Lakini usiuchanganye na Encephalartos, mimea yenye shina nene na majani kama ya mnazi. Jenasi nzima iko Kiambatisho I cha CITES, kilicho kikali zaidi. Encephalartos kisambo inaota Taita-Taveta, eneo la Maungu, na hukua polepole sana. Mnunuzi wake anataka shina zima, kubwa, la kupamba bustani, na anaweza kuwa bara jingine. Huyo hana mchungaji wa kumuuliza, ana kompyuta. Kwa hiyo swali la kujibu kwa kila spishi ni moja: mwindaji wake anapata habari kwa njia gani? Kama ni kwa kusoma, ficha. Kama ni kwa kuuliza njiani, acha wazi.

MPIGA PICHA WA SAMPULI, ARUSHA

Mmesema picha kamili ibaki nyumbani. Je, nyumba hiyo ina nafasi?

Karatasi ya sampuli ni kama sentimita 42 kwa 28. Ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, faili lisilobanwa linakaribia MB 200. Sampuli 100,000 ni TB 20. Hebaria ya Nairobi ina sampuli zipatazo milioni 1, kwa hiyo fanyeni hesabu ya TB 200, kisha mzidishe kwa mbili kwa ajili ya nakala. JPEG ya MB 10 inashusha sampuli 100,000 hadi TB 1, na kwa kazi nyingi inatosha. Ushauri wangu: faili kubwa kwa sampuli mama tu, zile ambazo majina ya spishi yamesimama juu yake, zilizobaki JPEG nzuri.

Na nakala ya pili isilale jengo moja na ya kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hebaria ya Berlin iliungua kwa mabomu, na sampuli mama nyingi za Tanganyika zikaungua nayo. Mengi ya majina hayo leo yanashikiliwa na sampuli pacha zilizokuwa kwingine. Kwa hiyo napendekeza tubadilishane: Arusha itunze diski za Kampala, Kampala itunze za Nairobi, kila faili likiwa na alama yake ya uhakiki, yaani nambari inayoonyesha kama faili limeharibika, na alama zipitiwe kila baada ya miezi sita. Diski iliyokaa kabatini miaka mitano bila kuwashwa isihesabiwe kuwa nakala.

Faili lipewe jina la msimbo pau uliobandikwa kwenye karatasi ya sampuli, kamwe lisipewe jina la mmea. Mvule ulikuwa Chlorophora, leo ni Milicia. Saintpaulia za Usambara zimeingizwa kwenye Streptocarpus. Migunga ilikuwa Acacia, sasa ni Vachellia au Senegalia, na anayetafuta jina moja anakosa nusu ya sampuli. Msimbo pau haubadiliki. Ubandikwe pasipofunika lebo wala jani, na kipimo cha rangi kiwe ndani ya picha kila mara, la sivyo ua la zambarau la mwaka huu litaonekana la bluu mwakani.

MTAFITI WA MITISHAMBA, KAMPALA

Mnazungumzia mahali tu. Kwenye lebo hizohizo kuna mstari mwingine: jina la kienyeji, na "mizizi huchemshwa kwa maumivu ya tumbo". Jina liachwe wazi, na liandikwe na lugha yake. Mtaalamu wa mimea Greenway alikwisha kuchapa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili tangu mwaka 1937, kwa hiyo hapo hakuna siri. Matumizi ni jambo jingine. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za viumbe, inayofanya kazi tangu tarehe 12 Oktoba 2014, inataka ridhaa ya jamii yenye maarifa hayo. Mganga aliyemweleza mkusanyaji mwaka 1955 hakuulizwa kama mstari huo usomwe na kampuni ya dawa. Mimi ningefunika mstari wa matumizi kwenye picha ya umma kwa utaratibu uleule wa mahali.

FUNDI WA DATA, NAIROBI

Basi tuandike pendekezo. Orodha moja ya spishi za kufichwa, ikubaliwe na hebaria zote za Afrika Mashariki na kupelekwa kwa wanaotunza sampuli pacha ng'ambo. Rekodi iliyofifishwa ijaze safu ya dataGeneralizations, iseme nukta imepunguzwa kiasi gani, na safu ya informationWithheld, iseme kamili inaombwa wapi. Kufifisha kimyakimya ni kosa: msomaji atadhani nukta ni halisi na ataijengea ramani.

MHIFADHI, TANGA

Nitaunga mkono pendekezo hilo kwa masharti mawili. Ofisi ya serikali inayoomba nukta kamili kwa ajili ya tathmini ijibiwe ndani ya siku 10 za kazi, na ikipita hapo ombi lihesabiwe limekubaliwa. Na kila spishi iingie kwenye orodha na tarehe ya kutoka, miaka mitatu, isipokuwa mtu alete sababu mpya ya kuibakiza. Orodha isiyo na tarehe ya kutoka nitaipigia kura ya hapana.